Mashine Inayodai Pilote

Tarehe 6 Septemba

Mvua ya kwanza imenyesha leo na mtaa wetu wote wa Mikelenge, hapa Kindu, unanuka udongo. Nimepanga ndoo zote chini ya bati, hata ile yenye ufa, kwa furaha tu. Kisha nimekuja kuketi kwenye kibanda cha Florentin mbele ya nyumba, na kwa mara ya kwanza tangu tumzike nimeondoa kitambaa juu ya kompyuta yake. Ni kitambaa nilichokishona mwenyewe, kina maua ya manjano. Kila asubuhi mume wangu alikikunja mara nne, taratibu, kama askari anayekunja bendera.

Kazi yetu ni rahisi kueleza. Watu walikuja na maneno yao, Florentin akayaandika kwenye mashine, mimi nikatoa fotokopi, nikabana pini, nikawapa kiti waliochoka. Barua za kuomba kazi, mialiko ya harusi, matangazo ya vifo. Tangazo la kifo chake tulikwenda kuliandikisha kwa mtu mwingine, na lilitoka na makosa mawili. Angecheka sana.

Mashine inang'aa. Siku ya maziko jirani yangu Aziza na wanawake wenzake waliosha nyumba nzima kama desturi inavyotaka, hawakuacha kitu, hata miguu ya meza. Nimebonyeza kitufe. Taa imewaka, kidoa cheupe kimezunguka kwenye kioo, kikazunguka, mpaka mvua ikaisha. Haikufunguka.

Tarehe 8 Septemba

Shemeji yangu Onema amevuka mto kutoka Alunguli. Ni kaka mkubwa wa Florentin, mzee wa reli, bado anavaa kofia ya kazi ingawa alistaafu zamani. Namwogopa tangu siku ya harusi yangu. Siku hiyo alikagua vyombo nilivyokuja navyo, sufuria moja moja, akizigonga kwa kidole kama mtu anayekagua magurudumu ya behewa.

Ananiita "bibi yetu", kama ukoo wa mume unavyomwita mke wao. Amesema kilio kitatolewa tarehe 26 Novemba. Siku hiyo mimi nitavua nguo nyeusi, na familia itaketi kuamua kila kitu cha marehemu kinakwenda kwa nani.

"Na hii mashini?" nimeuliza.

"Bibi yetu, mashini yenye haitumike njo chuma. Chuma inauzishwa. Kuko mutu moja wa Kampene anatafuta mashini za zamani."

"Na kama inatumika?"

Amegonga kompyuta kwa kidole. "Kama inatumika, tutaona. Lakini mutu wa kuitumikisha iko wapi?"

Mimi najua kuandika kwa vidole viwili tu. Lakini nikikosa kibanda hiki itabidi nirudi Kibombo kwa dada yangu, nikae jikoni mwake kama mgeni asiyekwisha.

Tarehe 9 Septemba

Mvua. Nimekula sombe ya majani ya muhogo na wali. Hakuna mtu.

Tarehe 12 Septemba

Aziza ameniletea fundi. Anaitwa Tshibola, anatengeneza simu karibu na stesheni. Baba yake alikuja kutoka Kasai na kazi ya reli, yeye amezaliwa hapa hapa. Ana mimba kubwa na kicheko kikubwa zaidi. Ameketi kwenye kiti cha Florentin bila kuomba, moyo wangu ukashtuka kidogo, kisha nikaona kiti kimefurahi.

"Mama, usiogope," amesema. "Mashini ya papa haikufa. Ni kichwa njo kimechanganyikiwa. Tutaiwekea kichwa ingine."

Kwanza ameokoa kazi zote za Florentin, amezihamishia kwenye diski ndogo ya pembeni. Zimepona zote. Tumefungua moja tuone: mwaliko wa ubatizo, na malaika aliyekuwa akimweka kila mara pembeni, yule mwenye bawa moja fupi.

Sasa mashine inataka kuwekewa mfumo upya. Tshibola anasema lazima uwe ule ule wa zamani, kwa sababu printa yetu ni mzee na haielewani na mifumo ya siku hizi. Atauleta kwenye flashi.

Tarehe 20 Septemba

Jua zuri tangu asubuhi, betri ya paneli imejaa. Tshibola amekuja, na Onema naye akatokea. Anasema amepita tu kuangalia chuma chake.

Mbele ya mashine kuna matundu mawili ya flashi, moja lina rangi ya bluu ndani, jingine jeusi. Tshibola amechomeka kwenye la bluu. "Hii njo ya haraka," amesema. Mashine imeanza vizuri kabisa. Imetuuliza lugha, tukachagua Kifaransa. Nilikuwa nimekwisha kuweka maji ya chai. Ndipo likatokea dirisha dogo, maandishi ya Kifaransa. Onema amevaa miwani akasoma kwa sauti ya kutangaza treni: pilote inayohitajika inakosekana, tafadhali iingizeni, kisha endeleeni.

"Pilote gani?" nimeuliza.

Tshibola amenieleza vizuri. Pilote ni programu ndogo inayoifundisha mashine kukijua kiungo chake: hii ya diski, hii ya sauti, hii ya printa. Bila pilote kiungo kipo palepale, kizima, lakini mashine haikioni. Nimelielewa jambo hilo haraka kuliko nilivyotazamia.

"Kwa reli iko vile vile," amesema Onema. "Gari ya moshi bila mashinisti haitoke. Ata ukipiga filimbi siku muzima."

"Papa Onema, wewe njo utaniletea huyo mashinisti?"

"Mimi nimestaafu, mwanangu."

Tumejaribu tena mara kadhaa. Kila mara dirisha lile lile. Tumekunywa chai.

Tarehe 3 Oktoba

Tshibola aliona labda flashi ni mbovu. Amekuja na nyingine, mpya, nyekundu. Tundu la bluu, lugha, Kifaransa, dirisha. Onema amesoma tena, safari hii bila miwani, maana amekwisha kulikariri.

"Pilote haiko!" amemaliza, kama anayewaambia abiria warudi nyumbani.

Tarehe 5 Oktoba

Mvua. Paka wa Aziza amezaa chini ya mashine ya fotokopi.

Tarehe 10 Oktoba

Kaka yake Tshibola aliye Lubumbashi ametuma nakala nyingine ya mfumo kwa abiria wa ndege. Tshibola alidhani nakala ya kwanza ilikatika njiani. Wingu lilikuja na kuondoka, betri ilikuwa ikihesabu pumzi. Tundu la bluu, lugha, Kifaransa.

"Musiniambie," amesema Onema kutoka mlangoni. "Pilote haiko."

Tshibola amecheka, lakini baadaye nimemwona akishika kiuno na kuangalia mashine kwa hasira. Nimempa karanga. Nimemwambia asijichoshe kwa ajili yangu.

"Mama, si kwa ajili yako peke. Huyu mushenzi anajua kitu, anakataa kusema!" Ameipiga mashine kofi dogo, kama mama anavyompiga mtoto asiyetaka kula.

Tarehe 14 Oktoba

Mvua imenifungia ndani siku nzima, nimekumbuka mashine yetu ya kwanza.

Ilikuwa ya chuma, ya kupiga chapa, na ilikuwa nzito kama mtoto wa miaka mitano. Wakati wa vita, mwaka ule ambao mtu wa Kindu hakuthubutu kwenda hata shambani kwake, tulikimbia alfajiri kwa mtumbwi. Wengine walibeba magodoro. Florentin alibeba mashine ndani ya kikapu, juu yake majani ya muhogo. Nilimkasirikia mpaka ng'ambo. Nilisema hatutakula herufi.

Kumbe tulikula. Huko msituni kila mtu alikuwa amepotewa na mtu. Florentin aliiweka juu ya kisiki, akaandika majina: fulani anamtafuta mama yake, fulani yuko hai, yuko mahali fulani. Karatasi zilipelekwa na watu waliokuwa wakipita, kijiji hadi kijiji. Walitulipa mihogo, mara moja kuku.

Siku moja mkono wa herufi ya a ulivunjika, ukamkata kidole gumba. Kovu lilibaki, mstari mmoja katikati ya kidole, kama njia inayokata shamba. Tangu siku ile aliacha nafasi tupu kila penye a, na mimi nilikaa pembeni na kalamu nikizijaza. Ukiolewa na mpiga mashine, omba ivunjike z! Kwa Kiswahili a ziko kila mahali, nilikuwa nikijaza mpaka mkono unakufa ganzi. Lakini sikuwa nimewahi kukaa karibu naye muda mrefu namna ile. Herufi nyingine zote zilikuwa zake. A zilikuwa zangu.

Tarehe 21 Oktoba

Mto umejaa, na Onema hakuonekana kwa siku kadhaa. Nimejikuta nikitazama njia. Nilijiambia natazama mawingu.

Leo amekuja, amelowa, na samaki waliokaushwa mkononi. "Ya fundi," amesema haraka. "Mwanamuke mwenye mimba asikule karanga tu." Tshibola hakuwepo, basi tumeketi wawili na mashine iliyozimwa, nikamuuliza alifanya nini miaka ile ya vita ambayo treni hazikufika.

"Nilikuwa naenda kazi."

"Kazi gani, shemeji? Treni hazikuwepo."

"Kufagia kê, pale watu wanapandia gari. Kuweka mafuta kwa magurudumu ya behewa zenye zilibakia. Kila asubuhi, kama risasi hazilie." Amegeuza kofia mikononi. "Watu walinicheka. Ata Florentin. Alisema, yaya, mukubwa wangu, unafagilia nani? Nikamuambia, gari itarudia. Na ile siku ilirudia, ilikuta kê safi."

Nimemwona kichwani mwangu Onema akifagia stesheni tupu. Nimeishi nikimwogopa miaka yote na sikuwahi kujua jambo hilo. Nimemwongezea chai, na sukari sikumpimia.

Tarehe 2 Novemba

Siku ya marehemu wote. Tumepalilia kaburi. Aziza, ingawa yeye ni Mwislamu, amekuja na jembe lake na amelima kuliko sisi sote. Anapiga nyasi kama zimemtukana. "Florentin alipenda usafi," anasema. Ni kweli. Onema ameunyoosha msalaba, amerudi nyuma, ameutazama kwa jicho moja, amerudi kuunyoosha tena.

Tukitoka nimemuuliza kama yule mtu wa Kampene bado anapiga simu.

"Anapiga," amesema, na akatazama mbali. "Bibi yetu, familia ni kubwa. Mimi nikisema mashini ibakie, wataniuliza inabakia kufanya nini."

Hakuwa anatisha. Alikuwa anaomba nimpe jibu.

Tarehe 9 Novemba

Naandika huku bado nacheka.

Mchana Tshibola amekuja kwa jaribio ambalo alisema ni la mwisho kabla ya kuniambia ukweli. Ametembea polepole, tumbo limeshuka. Kwa simu yake alikuwa ametafuta pilote za diski, zote alizozipata, usiku baada ya usiku mtandao ukikatika. Onema alikuwepo. Aziza naye aliingia na beseni lake la mikate akikimbia mvua, maana mbingu ziliingia giza ghafla, bati likaanza kupiga kelele mpaka tukawa tunaongea kwa kupaza sauti.

Tundu la bluu. Lugha. Kifaransa. Tshibola ameipa mashine pilote moja baada ya nyingine, nayo imekataa kama mgonjwa anayekataa kila dawa. Dirisha lile lile. Onema amelisoma kimya, midomo ikicheza tu. Hakutangaza. Hapo ndipo nilipoogopa.

"Mama," amesema Tshibola, "labda ni ubao wa ndani njo mgonjwa. Kama ni vile, mimi sitaiweza."

Giza lilikuwa limezidi, nikageuka kuwasha mshumaa ili nisimwone usoni, na yeye asinione. Upepo ukapita chini ya mlango, nta ikamwagika mezani. Nikaikusanya kabla haijakauka, nikaibonyeza kwa kidole gumba, kama ninavyofanya sikuzote. Alama ya kidole ikabaki: mistari midogo, mizunguko.

Nikaitazama. Alama kama ile nilikuwa nikiiona kila siku. Haikuwa yangu. Ilikuwa pana zaidi, na katikati ilikatwa na mstari mmoja, kama njia inayokata shamba.

"Kulikuwa na nta," nimesema.

"Nta ya nini, Mama?"

"Kwenye mashine, hapo mbele. Florentin aliziba tundu moja kwa nta ya mshumaa, akabonyeza na kidole. Nilikuwa nikipangusa vumbi naiona alama yake. Wateja wakitaka kuchomeka flashi zao hapo, aliwaambia, si hapo, hapo panalala."

Tshibola amegeuka na kiti chote. "Tundu gani?"

"La bluu."

Mvua ilipiga bati. Tshibola ametazama tundu, ametazama flashi yake iliyochomekwa ndani yake, kisha amejipiga kofi la paji la uso mpaka Aziza akaruka.

"Eh, mimi mujinga! Mama! Hii mfumo ni wa zamani, matundu ya bluu yalikuja nyuma yake! Haina pilote ya tundu la bluu! Inaanza kusoma flashi vizuri, kisha ikitaka kujiendesha yenyewe, haioni tena kwenye ilitokea. Diski ni mzima, ubao ni mzima. Inalilia pilote ya tundu! Mimi natafuta ya diski mwezi muzima, na kumbe ilitaka tu nihamie kwa jirani!" Amechomoa flashi, ametuonyesha tundu jeusi pembeni yake, nafasi ya kidole kimoja. "Papa alijua. Alishakutana na hili jambo, akaziba."

"Sasa hiyo nta ilienda wapi?" ameuliza Onema.

Aziza ameshusha beseni lake chini, polepole sana.

"Siku ya maziko," amesema, "wakati tuko tunaosha nyumba... njo mimi. Nilitoa na sindano. Nilisema, Florentin mutu musafi hivi, ni uchafu gani hii kwa pua ya mashini yake! Nikachokora mpaka ikaisha. Nikapangusa na mafuta ya taa."

Tumemtazama wote. Yeye ametutazama. Kisha ikatoka sauti ambayo sikuwahi kuisikia maishani, nzito, ya kukwaruza, kama behewa linaloanza kusogea baada ya miaka. Onema alikuwa anacheka. Alicheka mpaka kofia ikaanguka. Tshibola alishika tumbo akiomba, "Papa, acha, nitazaa hapa!" Aziza mwenyewe alilia kwa kucheka, akitugawia mikate bure, na mimi nililia kwa yote mawili, sikujua lipi linaisha wapi.

Tulipotaka kujaribu tundu jeusi, betri ilikuwa imekwisha. Haidhuru.

Tarehe 10 Novemba

Mvua.

Tarehe 11 Novemba

Mvua. Paneli haioni kitu. Onema amekuja na mwavuli, ametazama mbingu, amerudi.

Tarehe 13 Novemba

Tshibola amejifungua! Msichana, mzito, ana sauti ya filimbi. Nimekwenda hospitali na supu. Ameniambia mtoto anataka kuitwa Pilote, kwa sababu alikosekana mpaka siku ya mwisho. Mama mkwe wake hakucheka. Ataitwa Emerance.

Nimemwambia alale, mashine itangoja.

"Haitangoja, Mama. Kilio kinatolewa tarehe gani? Jua likitoka, unipigie simu. Utafanya mwenyewe. Mimi nitakuwa naongea."

"Mimi?"

"Vidole si unavyo?"

Tarehe 16 Novemba

Jua! Limetoka kama mtu aliyechelewa harusini, kwa nguvu na bila aibu.

Onema alikuwa mlangoni kabla sijafungua. Nimeweka simu mezani, sauti juu. Aziza amesimama nje kuwazuia watoto. Onema amepanda kwenye kiti chini ya paa ili aangalie mbingu na paneli.

"Flashi kwa tundu jeusi," imesema simu. Nyuma yake Emerance alikuwa analia.

Nimechomeka. Nimewasha. Lugha. Kifaransa. Nimeshika ukingo wa meza.

"Wingu linatoka upande wa mto!" amepiga kelele Onema.

"Kubwa?" nimeuliza.

"Kama behewa mbili!"

"Mama, kioo kinasema nini?"

Dirisha halikutokea. Badala yake mashine imeuliza, kwa adabu kabisa, ninataka mfumo ukae wapi. Nimesoma kwa sauti, neno kwa neno. Simu imepiga vigelegele. Aziza amevipokea nje bila kujua ni vya nini. Onema ameshuka kwenye kiti, amesoma mwenyewe, amerudia kusoma.

"Haiulize pilote," amesema taratibu.

"Papa Onema, wingu!" simu imemkumbusha. Akarudi mbio kwenye kiti chake.

Wingu limepita kando, Mungu anajua lilikokwenda. Mashine imehesabu, imejizima, imejiwasha, imejizima tena, na kila ilipojizima Tshibola alisema, "Usiguse, Mama, iko inafikiri." Mwishoni imefunguka, kioo chote bluu, kitulivu. Printa bado haikuonekana, lakini pilote yake Florentin aliihifadhi kati ya kazi zake, na Tshibola aliiokoa na vingine vyote bila kujua. Simu imenielekeza. Printa imekohoa, imetoa vumbi, kisha karatasi moja, na juu yake malaika mwenye bawa fupi.

Onema ameichukua karatasi kwa mikono miwili. Ameikagua pande zote. Ameigonga kwa kidole.

"Inatumika," amesema.

Tarehe 19 Novemba

Wateja wawili. Barua moja nimeiandika asubuhi nzima. Mwenyewe alilala kwenye kiti.

Tarehe 26 Novemba

Wamenivua nguo nyeusi alfajiri. Aziza aliniogesha maji ya uvuguvugu, akanisugua kama anavyosugua kila kitu, nikamwambia abakishe ngozi. Nimevaa kitenge cha manjano. Kibombo wamekuja, Alunguli wamekuja, tumekula, tumeimba, na kwa mara ya kwanza jina la Florentin limetajwa kwa sauti ya kawaida.

Kisha familia imeketi. Onema amesimama na kofia yake.

"Baiskeli, mutagawa. Mashati, mutagawa. Viatu vyake viko vidogo, sioni nani atavifaa." Watu wamecheka. "Mashini..." Ameivaa kofia, ameivua tena. "Mimi nilitumika reli. Gari ya moshi yenye iko na mashinisti wake, haigawiwe. Mashinisti njo huyu." Amenionyesha kwa kofia. "Nilimwona kwa macho yangu."

Binamu mmoja kutoka nyuma ameuliza habari za mtu wa Kampene.

"Nilimupigia simu," amesema Onema. "Nilimuambia, pole, ndugu. Chuma haiko."

Tarehe 4 Desemba

Tshibola amefika na Emerance mgongoni. Ameleta pilote ya tundu la bluu, ameipata hatimaye. Mimi nilikuwa nimekwisha kutayarisha kipande cha mshumaa, nilizibe upya kama zamani.

"Tuliamshe, Mama, ao tuliache lilale?"

Nimekishika kile kipande cha nta mpaka kikawa laini. Nimefikiri juu ya Florentin. Yeye aliziba kwa sababu alikosa njia, si kwa sababu alipenda kuziba. "Tuliamshe," nimesema.

Mchana amekuja mama mmoja wa Alunguli kuandikisha mialiko ya harusi ya mwanawe. Onema sasa ana kiti chake mlangoni, na kazi yake aliyojipa ni kupokea wateja. Mama yule amenyoosha flashi yake.

"Si hapo!" amenguruma Onema. "Hapo panalala!"

Amechelewa. Mama amekwisha kuichomeka kwenye bluu. Mashine imetoa mlio mdogo, na picha za bwana harusi na bibi harusi zimefunguka kioo kizima. Onema amesimama, ameinama, amechungulia tundu kwa karibu, kisha amevua kofia.

"Basi," amesema. "Imeamka."

Mvua imeanza tena, na betri haina siku nyingi za kujivunia, kwa hiyo nimeanza kuandika mara moja. Kile kipande cha nta kiko juu ya mashine, kina alama ya kidole changu. Bwana harusi anaitwa Assani. Jina lake lina a mbili. Nimezipiga mwenyewe, polepole.